Majiko ya kisasa yamefika Songea, nyumba bado hazijajiandaa

Na Mwandishi Wetu, Songea

MAJIRA ya saa 11 alfajiri, katika mitaa ya Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili mjini Songea, moshi wa mkaa huanza kupanda kutoka uani kabla jua halijachomoza. Moshi huo ni wa miaka mingi na hakuna anayeushangaa.

Linaloshangaza ni kwamba katika nyumba nyingi kati ya hizo umeme upo, mtungi wa gesi upo, na katika baadhi yake sufuria ya presha ya umeme nayo ipo, imefungwa ndani ya boksi lake juu ya kabati ikisubiri wageni au sikukuu.

Kwa nini familia iliyokwisha kulipia chombo cha kisasa iendelee kupepea mkaa kila siku? Jibu linalotolewa mara nyingi majukwaani ni kwamba wananchi hawana elimu ya nishati safi. Kwa mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga mjini, jibu hilo halitoshi.

Ukifuatilia safari ya chombo hicho tangu kinapotoka dukani hadi kinapowekwa juu ya kabati, utaona kuwa kikwazo kikubwa kimo ndani ya nyumba yenyewe. Kuna mita moja ya LUKU inayotumiwa na kaya tatu au nne, chumba chenye soketi moja, na banda la jiko lililojengwa kwa ajili ya mafiga. Kampeni ya nishati safi imemfikishia mwananchi chombo, lakini bado haijaingia jikoni kwake.

Umeme wa dizeli hadi gridi ya Taifa

Ili kuelewa hali ya sasa, ni vema kukumbuka mji huu ulikotoka. Kwa miaka mingi Songea haikuwa katika gridi ya Taifa. Umeme wake ulitegemea mitambo ya dizeli ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na mgawo lilikuwa jambo la kawaida. Nafuu kiasi ilipatikana mwaka 2015 baada ya mradi wa maji wa Tulila katika Mto Ruvuma, unaomilikiwa na masista Wabenediktini wa Chipole, kuanza kuliuzia shirika hilo umeme.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2018, pale njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takribani kilomita 250, ilipouunganisha mji huu na gridi. Mradi huo uligharimiwa na Serikali ya Tanzania kwa kushirikiana na Sweden. Mitambo ya dizeli ikazimwa, na maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo awali vilikuwa vya watu wachache: majokofu, birika za umeme, brenda, majiko ya koili, vyombo vya umeme vya kupikia wali na, baadaye, sufuria za presha za umeme.

Kitaifa nako mambo yalikwenda kwa kasi. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, Ufaransa, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano uliojadili suala hilo kwa Afrika nzima. Mwaka 2025 mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikamilika.

Sababu za haraka hiyo zinafahamika. Serikali imekuwa ikieleza kuwa takribani watu 33,000 hufariki dunia nchini kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa jikoni, na kwamba zaidi ya hekta 469,000 za misitu hupotea kila mwaka, kuni na mkaa zikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Wakati mkakati huo unaandaliwa, karibu kaya tisa kati ya kumi nchini zilikuwa zikipikia kuni au mkaa.

Hivyo umeme upo, sera ipo na vyombo vipo madukani. Lililobaki ni kujua kinachotokea chombo kinapofika nyumbani.

Mita moja, kaya nne

Nyumba ya kupanga iliyozoeleka Songea, kama ilivyo katika miji mingi nchini, ina vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, na uani penye choo, bomba na banda la jiko. Kila chumba au kila vyumba viwili ni kaya moja. Mita ya LUKU ni moja, na huwa imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba.

Wapangaji huchanga fedha za umeme kila wiki au kila mwezi kwa kiwango sawa. Utaratibu huo haukuwa na tatizo wakati umeme ulipokuwa wa taa, redio na kuchaji simu. Tatizo lilianza pale mmoja alipoleta friji, mwingine pasi, na wa tatu jiko.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanga katika nyumba ya aina hiyo. Siku ya tatu baada ya kununua sufuria ya presha ya umeme, kiliitishwa kikao ukumbini. Jirani mmoja alilalamika kuwa uniti zinakwisha upesi. Mama mwenye nyumba, kwa upole, aliamua kuwa mwenye jiko la umeme aongeze fedha kila mwezi au alirudishe ndani ya boksi. Kiwango kilichotajwa kilizidi gharama ya mkaa wa mwezi mzima, na jiko likarudi ndani ya boksi.

Mama huyo hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na njia ya kujua sufuria ile inatumia umeme kiasi gani, na wapangaji wake nao hawakujua. Palipo na mita moja na michango sawa, anayepika kwa umeme huonekana kama anayewaibia wenzake, hata kama anatumia kidogo kuliko mwenye friji.

Hesabu za bei zinaonyesha hasara nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika utaratibu wa bei uliotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa daraja la D1, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 hutozwa shilingi 292. Ukijumlisha Kodi ya Ongezeko la Thamani na tozo nyingine, ambazo kwa pamoja ni asilimia 22, wa kwanza hulipa takribani shilingi 122 na wa pili takribani shilingi 356.

Tuchukue mfano wa kaya tatu, kila moja ikitumia uniti 30 kwa mwezi kwa taa, televisheni na simu. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake na kukidhi masharti ya D1, ingelipa takribani shilingi 3,660. Kwa kuwa zinatumia mita moja, jumla yake ni uniti 90, mita inahesabiwa kuwa ya mtumiaji mkubwa, na kila kaya inalipa takribani shilingi 10,680. Wote watatu ni watumiaji wadogo, lakini wanatozwa bei ya mkubwa kwa sababu wanaishi chini ya paa moja.

Sasa kila kaya iongeze uniti 30 za kupikia. Yenye mita yake ingekuwa na uniti 60 na bili ya takribani shilingi 7,320 kwa mwezi, taa na jiko vikiwa pamoja. Ya mita ya pamoja ingelipa takribani shilingi 21,360. Kwa bili ya kwanza, mkaa hauna nafasi ya kushindana. Kwa bili ya pili, mpangaji atarudi kwenye jiko la mkaa bila kushawishiwa na mtu.

Wenye nyumba nao wana hoja ya kusikilizwa. Tangu mwaka 2022, gharama ya kuunganishiwa umeme mjini kwa mteja wa njia moja aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo imekuwa shilingi 320,960, ilhali vijijini ni shilingi 27,000. Nyumba ya wapangaji wanne ikihitaji mita nne, mwenye nyumba atatumia zaidi ya shilingi milioni 1.2 kabla hajagusa nyaya za ndani. Aidha, kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, na ambayo mwaka 2023 ilipanda hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, imeongeza mivutano kuhusu nani anamlipia nani.

Banda la jiko la enzi ya mafiga

Kikwazo cha pili ni jikoni kwenyewe. Banda la uani lilijengwa likiwa na mahali pa mafiga au jiko la mkaa, tundu la kutolea moshi, na pengine taa moja. Halina soketi. Halina meza. Mpishi huketi juu ya kigoda, na vyombo vyote huwa sakafuni.

Katika mazingira hayo, anayetaka kupika kwa umeme hupikia chumbani anamolala. Huvuta waya kutoka kwenye soketi moja iliyopo, akachomeka ekstensheni ya bei rahisi, na humo huingia televisheni, chaja ya simu na jiko. Sufuria ya presha ya wati 1,000 huvuta takribani ampea 4.3 na birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Vikiwashwa pamoja kwenye ekstensheni nyembamba, waya hupata moto, plastiki hulainika, na harufu ya kuungua huanza. Hofu ya wenye nyumba kuhusu moto ina msingi.

Kwa upande wa gesi, hali inatia shaka zaidi. Mtungi wa kilo sita wenye jiko juu yake umekuwa mlango wa kuingilia katika nishati safi, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiusambaza kwa ruzuku ya nusu bei. Ni chombo kizuri kwa chai, mayai na mboga. Hata hivyo, kwa mkoa ambao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mahindi nchini, chakula kinachopima ubora wa jiko ni ugali.

Kusonga ugali wa watu saba ni kazi ya nguvu. Msongaji huegemeza uzito wake wote kwenye mwiko, na sufuria lazima ikae imara. Jiko la mkaa lililo chini, pana na zito, huhimili kazi hiyo. Mtungi mwembamba unaosimama juu ya sakafu isiyo sawa huyumba. Mama aliyeuona ukiyumba mara moja, mtoto akiwa karibu, hatasongea ugali juu yake tena. Atabaki na gesi kwa chai, na kwa chakula kikuu atarudi kwenye mkaa.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutuama sakafuni. Banda lenye tundu juu na bila upenyo chini huihifadhi gesi hiyo mahali pale pale ambapo jiko la mkaa limewashwa. Nyumba nyingi sasa hutumia vyote viwili kwa wakati mmoja, mtungi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye makaa.

Zaidi ya hayo kuna baridi. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai si mzaha. Familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani jioni ili kupasha chumba joto, jambo ambalo limegharimu maisha ya watu katika mikoa mingi ya baridi, kwani hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu. Anayemtaka mwananchi aache mkaa hana budi kukumbuka kuwa jiko hilo linampikia na pia linampa joto.

Kipi kinafaa kwa chakula gani

Pamoja na vikwazo hivyo, baadhi ya vyombo vinawafaa wakazi wa Songea kuliko wanavyodhani, na vingine vinanunuliwa kwa makosa.

Chukulia maharage. Kutokana na mwinuko wa mji huu, maji huchemka yanapofikia takribani nyuzi joto 96, badala ya 100 kama ilivyo Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage na makande huchukua muda mrefu zaidi kuiva huku. Sufuria ya presha hupandisha joto hadi nyuzi 110 au zaidi, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa chini ya saa moja. Ile ya umeme hujizima yenyewe mara kwa mara inapofikia mgandamizo unaotakiwa, na kuta zake huhifadhi joto, hivyo sufuria moja ya maharage hutumia takribani nusu uniti. Hata kwa bei ya juu, hiyo ni chini ya shilingi 200.

Jiko la koili la wati 1,000, likipika maharage hayo hayo kwa saa mbili au tatu katika sufuria ya kawaida, linaweza kutumia uniti mbili au zaidi, yaani zaidi ya shilingi 700. Vyote viwili huitwa majiko ya umeme, na vyote viwili hulaumiwa pamoja kuwa vinakula umeme. Koili ndiyo iliyoharibu jina la umeme jikoni, na kwa bahati mbaya ndiyo rahisi kununua.

Majiko ya kioo yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku nayo yameanza kuonekana madukani. Hayapotezi joto jingi, lakini hayafanyi kazi na sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa katika nyumba zetu, wala na sufuria zenye kitako cha mviringo. Anayetaka kulinunua aende dukani na kipande cha sumaku. Sufuria isiyonasa sumaku haitapata moto juu ya jiko hilo, na gharama ya kununua sufuria mpya ihesabiwe pamoja na bei ya jiko.

Brenda na birika la umeme vinaogopwa bure. Brenda ya wati 400 inayosaga nyanya kwa dakika tatu haitumii umeme wa kuhesabika. Birika la wati 2,000 linalochemsha maji kwa dakika tano hutumia takribani uniti 0.17, yaani karibu shilingi 60 kwa bei ya juu. Chombo kinachokula uniti kimya kimya ni friji chakavu lenye mpira wa mlango uliokwisha.

Sufuria ya presha ya umeme nayo ina mipaka yake. Haifai kusongea ugali, kwani chungu chake cha ndani huzunguka mwiko unaposukumwa. Kwa hiyo mpangilio unaoelekea kufaa kwa kaya ya Songea ni wa kugawana kazi: maharage, makande, nyama na wali vipikwe kwa umeme, ugali, chai, mboga na chapati vipikwe kwa gesi, juu ya jiko la sahani mbili lililowekwa kwenye meza imara, mtungi ukiwa pembeni na mpira wake ukikaguliwa. Vyakula vinavyochukua muda mrefu vikiondolewa kwenye gesi, mtungi ambao kuujaza hugharimu zaidi ya shilingi 20,000 hudumu kwa siku nyingi zaidi. Hata umeme ukikatika, chakula hakilali.

Mpangilio huo, hata hivyo, unahitaji soketi jikoni, meza, na mita isiyoleta ugomvi. Hapo tunarudi kwenye nyumba.

Funzo kutoka India

Tanzania si ya kwanza kupita njia hii. India imeipita kwa kiwango kikubwa zaidi, na yaliyoikuta yanafaa kusomwa.

Mei 1, 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua, katika mji wa Ballia jimboni Uttar Pradesh, mpango uitwao Ujjwala wa kuwaunganishia gesi ya kupikia wanawake wa kaya maskini. Hadi Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimefikiwa, na baadaye idadi ikapita milioni 100. Kwa ugawaji wa vyombo, ni nchi chache zilizowahi kufanya jambo kubwa kiasi hicho.

Mwaka 2019, hata hivyo, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo ilionyesha kuwa wanufaika waliokuwa na mtungi kwa mwaka mmoja au zaidi waliujaza wastani wa mara tatu tu kwa mwaka. Mtungi wa kawaida wa nyumbani India ni wa kilo 14.2, hivyo mara tatu kwa mwaka haitoshi kwa familia inayopikia gesi pekee. Kuni zilikuwa zikiendelea kutumika pembeni. Serikali ililazimika kuongeza ruzuku ya kujaza: rupia 200 kwa mtungi mwaka 2022, kisha rupia 300 mwaka 2023.

Jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa nchi hiyo, lilianza mapema na kwa vyombo vingine. Mwaka 2011 serikali ya jimbo hilo ilianza kugawa bure brenda, mashine ya kusagia nafaka zilizolowekwa na feni kwa kaya zinazostahili. Mwaka 2016 ikaongeza uniti 100 za umeme bila malipo kila baada ya miezi miwili kwa wateja wa nyumbani. Mwananchi alipewa chombo, na baadaye akapata unafuu wa kukitumia.

Kuna jambo la tatu linaloonekana katika nyumba nyingi za mijini za Wahindi. Jiko lina jukwaa la saruji au jiwe lenye kimo cha kiuno, linaloshika ukuta mmoja au kona. Jiko la gesi hukaa juu, mtungi chini au pembeni, sinki upande mmoja, na soketi za brenda ukutani mbali na maji. Mpishi husimama. Sufuria ya presha, ambayo huko ni chombo cha kila siku cha kupikia dengu, wali na viazi, haina haja ya kufichwa juu ya kabati kwa sababu ina mahali pake.

Jukwaa hilo si anasa. Ni tofali kadhaa, mfuko mmoja au miwili ya saruji na siku chache za fundi. Ndilo linaloufanya ugali usongeke juu ya jiko la gesi bila hofu, na ndilo linalomwondoa mtoto katika kimo cha moto.

Nini kifanyike

Kwa mtazamo wa gazeti hili, mambo manne yanastahili kufanyiwa kazi, na mengi kati yake hayahitaji fedha za wafadhili.

La kwanza ni mita. TANESCO, ambalo limekuwa likihamasisha wananchi kupika kwa umeme, lina kila sababu ya kurahisisha mita za wapangaji. Kama mita ya pili na ya tatu katika nyumba ambayo tayari ina umeme ingepatikana kwa bei nafuu au kwa kulipia kidogo kidogo kupitia LUKU, shirika lingeuza umeme mwingi zaidi na wapangaji wangetozwa kwa matumizi yao halisi. Wakati hilo likisubiriwa, wenye nyumba wanaweza kufunga mita ndogo za ndani ili kila mmoja aone anachotumia. Mita hizo haziondoi tatizo la daraja la bei, lakini zinaondoa ugomvi wa ukumbini.

La pili ni bei. Kiwango cha uniti 75 kiliwekwa kwa kaya ya taa na redio. Serikali inayomtaka mwananchi huyo huyo apike kwa umeme inampa adhabu pale anapotii. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapaswa kuangalia kama kiwango hicho bado kinaendana na mkakati wa mwaka 2024.

La tatu ni ujenzi. Halmashauri ya Manispaa ya Songea, kama halmashauri nyingine, hutoa vibali vya ujenzi na kupitia ramani za nyumba. Mitaa mipya inaendelea kujengwa pembezoni mwa mji, na nyumba za kupanga zinaendelea kuinuka kwa ramani zile zile za banda la uani. Kutaka jiko la kila nyumba mpya liwe na jukwaa, soketi zenye waya wake, na upenyo wa hewa chini na juu hakuigharimu halmashauri chochote. Nyumba inayojengwa leo bila mambo hayo itapikiwa mkaa kwa miaka 30 ijayo.

La nne ni jinsi vyombo vinavyogawiwa. Mtungi wa nusu bei ungekuwa na maana zaidi kama ungetolewa pamoja na kitako imara na maelezo ya mahali pa kuuweka. Serikali ilikwishaziagiza taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zinazohudumia zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Kwa shule na magereza, kubadili nishati kulimaanisha kujenga upya majiko, na kila mtu alilielewa hilo. Kwa kaya, tumejifanya kana kwamba kununua chombo kunatosha.

Wapo watakaosema kuwa mwananchi maskini hana nyumba ya kubadili, na kwamba mkaa ataendelea kuununua kwa kopo kwa sababu fedha yake huja kwa siku. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini LUKU nayo hununuliwa kwa siku, hata kwa shilingi 1,000, na katika hilo umeme unaushinda mtungi wa gesi unaodai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mwananchi wa kipato cha siku ndiye ambaye angenufaika zaidi na sufuria ya nusu uniti, kama angekuwa na mita yake.

Miaka minane baada ya gridi kufika, ilibaki miaka minane pia kufikia 2034. Katika muda huo viongozi wataendelea kugawa majiko na kupiga picha, na hakuna ubaya. Kipimo cha mafanikio, hata hivyo, kisiwe idadi ya vyombo vilivyotolewa. Apite mtu saa 11 alfajiri Mfaranyaki, Lizaboni na Bombambili, ahesabu nyumba ambazo moshi hautoki.